Mafuta Yanapita Mlangoni Petu

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia, Kisiwa cha Mombasa

Jana filamu ilimalizika usiku, wengine wenu mkalala kwa jamaa zenu Majengo, wengine hapa hapa ukumbini juu ya mikeka, na mbu wa Mombasa mnawajua. Hata hivyo mmefika mapema kuliko sisi waandaaji, na kwa hilo tunaona haya kidogo.

Tulikuwa tumepanga asubuhi hii tuizungumze ile filamu ya televisheni juu ya historia ya mafuta na mustakabali wake, kisha twende kwenye hesabu za vikundi. Lakini jana taa zilipowashwa, mama mmoja kutoka upande wa Kwale alisimama akauliza: "Sasa haya mafuta yakiisha, sisi itakuwaje?" Mmoja wetu akajibu haraka haraka kwamba mafuta hayaishi leo wala kesho, watu wakacheka, tukafunga. Jibu lile lilikuwa jepesi mno. Mama yule hakuuliza kwa ajili ya filamu. Aliuliza kwa sababu kikundi chao kina pipa na pampu ya mafuta ya taa, na walioshauri wanunue pipa lile ni sisi. Basi leo tutajaribu kumjibu vizuri zaidi, ila njia ya kufika huko ni ndefu kidogo, mtuvumilie.

Kwanza ile filamu yenyewe. Kwa wale waliosinzia (na tuliwaona), maneno yake kwa ufupi ni haya. Zamani sana, mamilioni ya miaka kabla ya binadamu, viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho vilikufa vikazama kwenye tope. Tope likafunikwa na tope jingine, likaenda chini zaidi, joto la ardhi likavipika polepole mpaka vikawa mafuta. Kwa hiyo si kweli, kama alivyosema kijana mmoja jana, kwamba mafuta ni damu ya ardhi na yanajijaza tena yakipungua. Yalipikwa mara moja, na chungu hicho hakirudishwi jikoni kwa ajili yetu.

Mwaka 1859, huko Pennsylvania, Marekani, Edwin Drake alichimba kisima chenye kina cha mita 21 hivi akayapata. Sasa sikilizeni jambo ambalo filamu ililipita haraka, nasi tunataka kulishika: Drake na wenzake hawakuwa wakitafuta petroli. Magari hayakuwako. Walikuwa wakitafuta mafuta ya kuwashia taa. Petroli ilikuwa takataka, wengine wakiimwaga mtoni. Biashara yote kubwa ya mafuta duniani, na utajiri wote wa yule Rockefeller aliyeanzisha kampuni ya Standard Oil mwaka 1870, ilianza na mtu maskini anayetaka mwangaza usiku. Magari yalikuja baadaye, vita vikubwa vikaja, mafuta yakapatikana Uajemi mwaka 1908, kisha Kuwait na Saudia mwaka 1938, na ulimwengu ukageuka.

Wengine waliuliza inakuwaje mafuta mamoja yatoe petroli, dizeli na lami. Kina mama hapa wanalijua hili bila kusoma. Unapochemsha tui mpaka likauke, mafuta yanajitenga juu na shata linabaki chini. Kiwandani ni karibu vivyo hivyo, ila moto ni mkali zaidi. Mafuta ghafi yanapashwa moto mpaka mengi yageuke mvuke, mvuke unapanda ndani ya mnara mrefu, na kila kimoja kinatua mahali pake. Vyepesi vinafika juu kabisa, ndiyo gesi ya mtungi na petroli. Katikati kuna mafuta ya taa, na mafuta ya ndege ni ndugu yake wa karibu kabisa. Chini yake dizeli. Chini kabisa mafuta mazito ya meli, na shata lake ndilo lami tunayokanyaga barabarani. Kwa hiyo anayesema "mimi nimeacha mafuta, napikia gesi" ajue kwamba amehama chumba tu, nyumba ni ile ile.

DEBE LILIVYOKUJA MJI WA KALE

Jana asubuhi tulipotembea Mji wa Kale, tukashuka mpaka Bandari ya Kale, baadhi yenu mlishangaa mbona tunaanzia huko na si Changamwe kwenye matangi. Tulikuwa na sababu.

Babu zetu wa mwambao huu walikuwa na mafuta yao. Mafuta ya nazi, mafuta ya simsim yaliyokamuliwa kwenye kinu kikizungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Taa ilikuwa kitambi ndani ya mafuta hayo. Halafu, mwishoni mwa karne ya 19, yakaanza kushuka bandarini masanduku ya mbao, kila sanduku na makopo mawili makubwa ya bati yenye mafuta ya taa kutoka ng'ambo. Kopo lile ndilo debe. Mafuta yalikwisha, bati likabaki, na hakuna aliyelitupa. Wachota maji wa mjini walibeba maji kwa madebe. Mahindi yakapimwa kwa debe, mpaka leo mkulima wa Taita anakuambia "nimevuna madebe kumi", lita 18 kila moja, na hajui kwamba anapima mavuno yake kwa kipimo cha muuza mafuta. Madebe yalikunjuliwa yakaezekwa nyumba. Makopo madogo yakawa koroboi. Kwa hivyo mtu asituambie mafuta ni habari za Waarabu na Wamarekani. Yamo katika mikono yetu na midomo yetu kwa zaidi ya miaka 100.

Pale bandarini mliyaona majahazi machache tu. Wazee wa mtaa waliokuwa wamekaa barazani wangewaambia jinsi bandari ile ilivyojaa zamani. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, na tende, chumvi, samaki wakavu, mazulia. Kusi ikiingia wakarudi, wengi wakiwa wamepakia boriti za mikoko, hasa za upande wa Lamu. Kule Kuwait na Bahrain hakuna miti, na dari za nyumba zao zilibebwa na mikoko ya pwani hii. Kisha wakapata mafuta chini ya mchanga wao. Pesa zikaja, saruji ikaja, chuma kikaja, meli za injini zikaja. Nani tena atangoje upepo wa kusi kwa ajili ya boriti? Hata kabla Serikali yetu haijapiga marufuku kuuza boriti nje, mwaka 1982, biashara ile ilikuwa imekwisha kudhoofika. Kumbe mafuta ya wengine yaliiondolea Mombasa kazi kabla hatujapata ya kwetu.

Na safari ikageuka. Zamani wao walikuja huku kutafuta maisha. Oman ilipata mafuta ya kuuza mwaka 1964, ikaanza kuyasafirisha mwaka 1967, na tangu hapo ni watoto wetu wanaokwenda. Hapa ukumbini wamo wazazi wenye mabinti Saudia na Muscat, tunajua, na tunajua kwamba mwezi ambao binti hakutuma kitu hata mchango wa kikundi hauji. Pesa ile nayo ni mafuta, imepitia mikononi mwa mtoto wako.

MATANGI TUNAYOYAPITA KILA SIKU

Mchana tulikaa Mama Ngina, na meli ndefu ya mafuta ikapita kwenye mlango wa bahari pale Likoni, feri zikiisubiri. Wengi mlisema hamjawahi kufikiri inabeba nini. Sisi tunaoishi hapa pia hatufikiri, tunalalamika tu kwamba feri imechelewa.

Meli ile huenda Kipevu. Gati la zamani la mafuta la Kipevu lilijengwa mwaka 1963 na lilihudumia meli moja kwa wakati mmoja. Jipya lilifunguliwa mwaka 2022, linaweza kuhudumia nne. Meli ndogo zaidi zina gati la Shimanzi, hapa hapa kisiwani. Na mwaka ule ule wa 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi. Kwa miaka 50 mafuta ghafi yalishuka hapa, yakapikwa hapa, yakatoka petroli na mafuta ya taa ya Kenya na ya majirani. Mwaka 1978 bomba likafika Nairobi, likipita chini ya ardhi karibu na vijiji vya wengine mliomo humu.

Mwezi wa Septemba 2013 kiwanda kikaacha kusafisha. Kilikuwa kimezeeka, na mafuta yake yalitoka ghali kuliko yaliyosafishwa tayari kwenye viwanda vikubwa vya Ghuba na India. Tangu hapo tunanunua yaliyokwisha kupikwa, na matangi ya Changamwe yakabaki ghala. Tuliwajua vijana waliokuwa wakifanya kazi pale na kwenye karakana za jirani. Kiwanda kikizima moto, mama wa chapati langoni naye anazima wake, na hilo halikuandikwa gazetini.

Mwaka uliotangulia, Machi 2012, Rais Kibaki alikuwa ametangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, kisima cha Ngamia 1. Mnakumbuka furaha ile. Watu walidhani petroli itauzwa bei ya maji. Juni 2018 malori yakaanza kuyaleta Mombasa, kwa kuwa bomba la Turkana halikuwako. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, hivyo yalisafirishwa kwenye matangi yanayotunza joto. Wananchi wa Turkana wakasimamisha malori mwezi huo huo, wakidai usalama na sehemu yao, na hayakuendelea mpaka Agosti baada ya mazungumzo. Shehena ya kwanza iliondoka bandari hii Agosti 2019: mapipa 200,000, kwa dola milioni 12 hivi.

Hebu tufanye hesabu kidogo, tena kwa kipimo chetu. Pipa la biashara ya mafuta ni lita 159, yaani madebe karibu 9. Dola milioni 12 kwa mapipa 200,000 ni dola 60 kwa pipa. Kwa bei ya dola ya mwaka ule, ni kama shilingi 39 kwa lita. Mwezi ule ule sisi tulinunua mafuta ya taa kwa zaidi ya shilingi 100 kwa lita. Mafuta ya Turkana yaliondoka Mombasa mabichi, na mafuta ya wengine yakaingia Mombasa yamepikwa, kwenye mlango ule ule. Hatusemi kila senti iliyo katikati imeibwa. Kuna gharama ya kusafisha, meli, bomba, faida ya muuzaji, na kuna kodi na ada za Serikali nyingi. Tunasema tu kwamba mwanakikundi anayejua kuuliza "gunia la muhogo liliuzwa ngapi shambani na ngapi Kongowea" anaweza kuuliza swali lile lile juu ya mafuta. Halihitaji digrii.

Na kwa ndugu zetu mnaotoka mahali kunakotafutwa madini au gesi, shikeni hili: Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inasema katika sehemu ya mapato inayoingia Serikalini, asilimia 20 iende kaunti na asilimia 5 iende kwa jamii ya mahali penyewe. Asilimia 5 iliyoandikwa ni kitu. Lakini iliyoandikwa haijitembezi yenyewe mpaka kijijini. Kampuni iliyogundua mafuta yale, Tullow, iliuza mali yake ya Turkana mwaka 2025 kwa Gulf Energy, miaka 13 baada ya ile furaha.

KUMWAGIKA

Hapa tunaomba tusicheke tena.

Pale Makupa, mlipovuka kuingia kisiwani, pana daraja jipya tangu mwaka 2022. Mwaka 1988 mafuta kutoka tangi lililotoboka yaliingia mkono wa bahari wa Makupa, mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja Kipevu, mafuta yakaenea Port Reitz, wavuvi wakavuta nyavu nyeusi. Mkoko ukifa, kaa na kamba hawana pa kuzaliana, na mvuvi haambiwi na mtu subiri miaka mingapi.

Bomba lile la Nairobi lilivuja huko Thange, Makueni, mwaka 2015. Mto na visima viliharibika. Wananchi walikwenda mahakamani, na uamuzi wa kulipwa fidia waliupata mwaka 2025. Miaka kumi. Waliosimama imara ni wale waliokuwa pamoja na waliotunza karatasi zao: barua, picha, majina ya waliougua. Makatibu wa vikundi, mnatusikia? Kitabu cha kumbukumbu si cha kuandika nani amechelewa tu.

Na jambo la tatu, tunalisema kila semina na tutalisema tena. Tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka. Watu wakaja na ndoo na jerikeni, usiku, na moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 100. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli ya bomba ilivuja kwenye mtaro, watu wakachota, moto ukawaka, wakafa tena kama idadi ile. Hawa hawakuwa wezi. Walikuwa ni watu walioona shilingi 100 ikitiririka ardhini bure. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi imejaa malori haya na inapita milangoni mwenu. Lori likipinduka, chukua mtoto wako, kimbia kinyume cha upepo, piga simu. Usirudi kuchungulia. Harufu peke yake inatosha kushika moto. Tafadhali lisemeni hili kwenye kikao cha kwanza mkifika nyumbani, kabla ya hesabu.

SASA TURUDI KWENYE PIPA

Kile kikundi cha kina mama tulikitembelea mwaka 2016. Kilikuwa na akiba nzuri ya meri-go-raundi, hakikuwa na mradi. Dukani mwao mafuta ya taa yalikuwa mbali, mwendo wa saa nzima, na muuzaji alikuwa akipima kwa chupa ya soda isiyojaa. Sisi tukakaa nao, tukaandika faida na hasara ubaoni kama tulivyofundishwa chuoni, tukasema: nunueni pipa la lita 200 na pampu ya mkono, uzeni kwa kipimo cha haki. Kila nyumba inawasha koroboi, kila nyumba ina jiko la mafuta ya taa la kuchemshia chai. Soko hili halifi. Ndivyo tulivyosema, "halifi", na katibu akaandika.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mama mmoja alilipia mtoto ada ya muhula mzima. Kisha Septemba 2018 Serikali ikaongeza ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli, na injini za watu zinaharibika. Uchanganyaji huo ulikuwako kweli. Lakini aliyebeba mzigo ni mama mwenye koroboi. Shilingi 18 mara lita 200 ni shilingi 3,600 zaidi kwa kila pipa, na mwezi ule ule ikaja kodi ya VAT ya asilimia 8 juu yake. Akiba ya kikundi iliyokuwa ikitosha kujaza pipa haikutosha tena. Mwaka 2023 VAT ikapanda mpaka asilimia 16, na Septemba ya mwaka ule bei ya lita Nairobi ilizidi shilingi 200.

Na huku bei ikipanda, jirani mwenye ng'ombe wawili akanunua taa ya sola. Mwalimu akanunua mtungi wa gesi. Umeme ukafika barabarani. Nani alibaki akija na chupa kwenye pipa? Mjane, mzee anayeishi peke yake, na wale wanaonunua ya shilingi kumi. Wateja wakapungua, waliobaki wakakopa, na kudai deni la mafuta kwa mjane ni kazi ambayo hakuna mweka hazina anayeiweza.

Mama, hili ndilo jibu letu, na tunaomba radhi kwa la jana. Mafuta hayataisha kama maji ya mtungi, kwamba asubuhi moja ukapiga kata ikagonga chini. Filamu yenyewe ilionyesha kwamba bado yamo mengi, ingawa ya kuyafikia kwa urahisi yamechimbwa kwanza, na kwamba moshi wake umechafua hewa kiasi kwamba mvua imepoteza ratiba. Nyinyi mliopoteza mifugo katika ukame wa miaka ya 2020 mpaka 2023, kisha mkaona mafuriko ya 2024, hamhitaji kuelezwa. Kinachokuja ni kwamba watu watayaacha, mmoja mmoja, kila mwenye uwezo wa kuyaacha. Pikipiki za umeme zimeshaanza kuonekana nchini. Umeme wetu mwingi sasa unatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo. Na kila anapotoka mmoja, anayebaki ndani ni maskini zaidi na analipa zaidi. Hatari ya kijiji chetu si kwamba mafuta yataisha. Ni kwamba sisi ndio tutakuwa wateja wake wa mwisho.

Tulikosea wapi basi? Si kwamba pipa lilikuwa wazo baya mwaka 2016. Tulikosea kuliita soko lisilokufa, na tukakosea kutorudi mwaka 2018 tulipoisikia ile ada redioni. Tuliisikia. Tulikuwa na semina nyingine.

Sola nayo tusiitangaze kama tulivyolitangaza pipa. Tumeona mkataba wa mwanakikundi mmoja: analipa kidogo kila siku kwa simu, na siku akikosa taa inajifunga yenyewe, giza. Hakuna aliyemwambia jumla. Tulipozidisha siku kwa shilingi tukapata bei karibu mara mbili ya taa kama hiyo kwa pesa taslimu, na tukanyamaza wote wawili. Kikundi chenye akiba kinaweza kununua taa kwa pamoja, kwa pesa mkononi, na kumkopesha mwanachama bila kumzimia. Hilo linawezekana. Lakini tazameni betri inadumu miaka mingapi, na nani hapo kijijini anajua kutengeneza. Taa isiyo na fundi ni pambo.

Kabla hamjaondoka, katika vikundi vidogo, tunaomba kila mmoja aandike kwa siku saba zilizopita: mafuta ya taa shilingi ngapi, gesi ngapi, matatu na bodaboda ngapi, kusaga mahindi kwa posho ya dizeli ngapi. Yote hayo ni mafuta. Msiandike mnachodhani, kama hukumbuki, acha wazi. Anayejua kuandika amsaidie asiyejua, bila kumwonyesha jirani. Halafu tujumlishe kikundi kizima ubaoni. Tulifanya hivi na kikundi kimoja cha Likoni, na mwenye kiti aliufuta ubao akajumlisha upya akidhani tumekosea.

Bei mnaweza kuifuata wenyewe. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, na bei ya Mombasa huwa chini kidogo ya Nairobi kwa kuwa mafuta hayajasafiri. Anayekuuzia stesheni juu ya bei hiyo amevunja sheria. Wa kijijini anayepima kwa chupa hatajwi katika tangazo lile, huyo mtajuana naye.

Kuhusu lile pipa, bado liko nyumbani kwa katibu, na pampu imefungwa kwa kamba. Wanachama wamegawanyika. Wengine wanataka liuzwe kama chuma chakavu wagawane, wengine wanasema liendelee kwa ajili ya wale wazee wachache ambao hawana taa nyingine, hata kama faida ni sifuri, na kuna mmoja aliyetaka litumike kukinga maji ya mvua, huyo tulimkataza palepale, maji yake hayafai kunywewa. Kikao chao ni Jumatano ijayo baada ya soko. Wametuita, na wamesema tuje na kile kitabu tulichoandikia faida na hasara mwaka 2016. Tunacho. Tutakwenda nacho.